Umeota nini? Jibu linategemea umeamka saa ngapi

Katika nyumba nyingi za Kabanga, mji mdogo wa mpakani wilayani Ngara, swali la "umeota nini?" huulizwa kabla chai haijachemka. Bibi humuuliza mjukuu. Dada humuuliza mdogo wake. Mke humuuliza mume aliyekuwa akigeukageuka usiku kucha. Wapo wanaosimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu. Na wapo ambao kila siku jibu lao ni lile lile: "Mimi huwa sioti."

Ukweli ni kwamba hao nao huota, tena kila usiku. Kinachowatofautisha na wenzao mara nyingi ni kitu kidogo sana: saa wanayoamka, na wanachofanya katika dakika mbili za kwanza baada ya kufumbua macho.

Jambo hilo linaweza kuonekana dogo, lakini kwa mama mmoja mwenye watoto watatu, anayeuza chai na chapati jirani na kituo cha forodha cha Kabanga, lilifika mahali likamkosesha raha na ndugu zake.

Mama yake mzazi alifariki dunia baada ya kuugua kwa miezi mingi. Yeye ndiye aliyemuuguza, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Baada ya kuanua matanga, ndugu zake wakaanza kusimulia. Dada mkubwa alisema mama amemjia usiku akiwa amevaa kitenge kipya. Kaka akasema amemwona akipalilia migomba. Mdogo wao wa mwisho, aliye mbali na nyumbani, alipiga simu alfajiri akilia kwamba mama ameketi kitandani kwake na kumwita kwa jina la utotoni.

Yeye peke yake hakuwa na la kusimulia. Alilala na kanga ya marehemu chini ya mto. Aliomba kabla ya kulala. Hakuna kitu. Siku moja shangazi yake akatamka mbele ya wote, "Marehemu hamwendei mtu aliyemkwaza." Maneno hayo yalimwingia moyoni. Akaanza kujichunguza: ni lini alimjibu mama vibaya? Ni siku ile aliyochelewa kurudi na dawa? Akaanza pia kukwepa mikusanyiko ya ukoo, asije akaulizwa tena.

Saa ya Burundi

Kilichomsaidia ni hitilafu ya simu. Wakazi wa Kabanga wanaijua vizuri. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu inayojipangia saa yenyewe ikinasa mtandao wa ng'ambo ya mpaka, hubadilisha saa bila kumuuliza mwenyewe. Mtu anadhani ni saa 1:00 asubuhi kumbe ni saa 2:00.

Mama huyu hutega alamu saa 9:30 usiku ili akande unga, kwa sababu madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Kobero huanza kutafuta chai mapema. Usiku mmoja simu ilihamia Burundi. Alamu ikalia ilipokuwa saa 10:30 alfajiri kwa saa za Tanzania. Aliposhtuka, kabla hajajua kwamba amechelewa, alikuwa bado anamwona mama yake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anamenya ndizi, akimwambia maji ya kwenye sufuria yanakauka. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amekasirika.

Kufikia wakati amepata kandambili zake chini ya kitanda, kilichobaki kilikuwa kisu tu na maneno yale ya sufuria. Alikanda unga akilia.

Asubuhi ile alimsimulia muuguzi wa zahanati ambaye hupitia bandani kunywa chai kabla ya kuingia kazini. Huyo Sista hakuuliza maana ya ndoto. Aliuliza, "Mama, jana ulilala saa ngapi? Na umeamka saa ngapi hasa?"

Usingizi una ngazi

Swali hilo lina historia ndefu kidogo. Mwaka 1953, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walitangaza kwamba usiku kuna vipindi ambavyo macho ya mtu aliyelala hukimbia huku na huku chini ya kope. Mmoja wa watu wa kwanza ambao Aserinsky aliwapima alikuwa mwanawe mwenyewe, mvulana wa miaka 8. Kipindi hicho wataalamu wanakiita REM. Hapa tukiite usingizi wa ndoto.

Mwaka 1957 Kleitman na mwenzake William Dement walifanya jambo ambalo kila mzazi anaweza kulielewa. Waliwaamsha watu usingizini kwa nyakati tofauti na kuwauliza kama walikuwa wakiota. Walipowaamsha katika usingizi wa ndoto, mara 152 kati ya 191 watu walikumbuka ndoto waziwazi. Walipowaamsha nje ya kipindi hicho, walikumbuka mara 11 tu kati ya 160. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba hata katika ngazi nyingine za usingizi mtu huweza kuota, lakini tofauti ya kukumbuka ilibaki kubwa.

Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko. Mzunguko mmoja huchukua takriban dakika 90. Huanza na usingizi mwepesi, hushuka hadi usingizi mzito, kisha hupanda na kumalizikia katika usingizi wa ndoto. Mwanzoni mwa usiku usingizi mzito ndio unaotawala, na kipindi cha ndoto huwa kifupi, pengine dakika 10 au pungufu. Kadiri alfajiri inavyokaribia, usingizi mzito hupungua na kipindi cha ndoto hurefuka hadi nusu saa au zaidi. Ndiyo maana ndoto ndefu zenye watu na mazungumzo huwa za alfajiri.

Sasa mhesabu mama wa chapati. Alikuwa anapata usingizi kama saa 4:30 usiku, baada ya kuosha vyombo na kuloweka maharage. Mizunguko yake ilikuwa inaishia karibu na saa 6:00, saa 7:30, saa 9:00 na saa 10:30. Alamu ya saa 9:30 ilikuwa inamkuta nusu saa ndani ya mzunguko mwingine, akiwa amezama tena. Na ikishalia, aliruka kitandani, akawasha taa, akamwaga unga kwenye beseni. Usiku ule wa saa ya Burundi, alamu ilimkuta mwishoni kabisa mwa mzunguko wa nne.

Hesabu hiyo ni ya makadirio. Mizunguko ya watu hutofautiana, na hata kwa mtu mmoja hubadilika usiku hadi usiku, kati ya dakika 70 na 120. Lakini inatosha kueleza jambo moja: mtu anaweza kuota miaka na miaka na asikumbuke hata moja, kwa sababu tu kazi yake inamwamsha wakati usiofaa.

Dakika mbili za kwanza

Kuamka wakati unaofaa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuishika ndoto kabla haijapotea. Tunapoota, baadhi ya kemikali za ubongo zinazosaidia kuhifadhi kumbukumbu huwa zimeshuka sana, kwa hiyo ndoto haiandikwi vizuri. Ikipita dakika chache na mtu ameshaanza kuwaza ada ya shule au ujumbe wa simu, imeshafutika.

Sista alimpa ushauri ambao yeyote anaweza kuujaribu.

Kwanza, ahesabu kuanzia muda anaopata usingizi, si muda anaopanda kitandani. Wengi huchukua dakika 15 hadi 20 kabla ya kulala. Kisha achague kuamka baada ya saa sita, au saa saba na nusu, kwa sababu ndoto za mwisho wa usiku ndizo ndefu.

Pili, atumie mlio wa taratibu au mtetemo. Mlio wa ghafla unaweza kumshtua mtu. Kwa walio mpakani, wazime sehemu ya simu inayobadilisha saa yenyewe.

Tatu, akiamka asisogee. Abaki katika mkao ule ule, macho yamefumbwa, ajiulize kimoyomoyo: "Nilikuwa nahisi nini? Nilikuwa na nani? Nilikuwa wapi?" Mara nyingi hisia huja kwanza, kisha picha ya mwisho, na picha ya mwisho huivuta ya kabla yake.

Nne, aseme kwa sauti ndogo au aandike maneno matatu manne kwenye daftari. "Kigoda, ndizi, sufuria" yanatosha. Asiishike simu kabla ya hapo.

Tano, jioni ajiambie kwamba anataka kukumbuka. Wanaotaka kukumbuka na wanaoandika kila siku huanza kukumbuka zaidi. Na pombe ipunguzwe. Rubisi au bia ya usiku hupunguza usingizi wa ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku, kisha humfanya mtu alale kwa kukatikakatika hadi asubuhi.

Kwa mama huyu tatizo lilikuwa moja: hawezi kuamka saa 10:30 siku za kazi. Madereva hawasubiri. Kuamka mapema zaidi kungempunguzia usingizi ambao tayari ni mchache. Kilichobaki ni kulala mapema, na hilo liliihusu nyumba nzima. Mumewe alikubali kufunga mbuzi na kukagua milango. Binti mkubwa alichukua zamu ya kuloweka maharage. Vyombo vya usiku vikaoshwa kabla ya giza kuingia. Ikawa ifikapo saa 3:30 usiku mama amelala, na alamu ya saa 9:30 ikawa inamkuta baada ya saa sita kamili. Mchana, biashara ikipoa, hujilaza kidogo, maana mtu mzima anahitaji angalau saa saba kwa siku.

Wiki ya kwanza aliambulia vipande: dereva akidai chenji, mbuzi ndani ya kanisa. Wiki ya pili aliota hajafunga shule, na hana sare. Mama yake alikuja tena katika wiki ya nne, akipita tu barabarani na ndoo kichwani, akamsalimia. Ilikuwa inatosha. Shangazi alipokuja kusalimia, alimwambia bila ugomvi: "Shangazi, mama alikuwa anakuja. Mimi ndiye niliyekuwa naondoka mapema."

Iwapo marehemu huja kweli, au ni moyo wa mtoto unaomkumbuka mzazi, kila nyumba ina imani yake. Lakini hakuna mfiwa anayepaswa kuhukumiwa kwa sababu ya alamu ya simu.

Watoto je?

Mzazi akishajua haya anaweza kutamani kumwamsha mtoto ili amsikie anaota nini. Asifanye hivyo. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na wa miaka 3 hadi 5 saa 10 hadi 13. Tena hatapata mengi. Mwanasaikolojia wa Marekani David Foulkes, aliyewafuatilia watoto kwa miaka, aliona kwamba wadogo wa miaka 3 hadi 5, hata wakiamshwa katika usingizi wa ndoto, ni mara chache wanakuwa na cha kusimulia, na kinakuwa kifupi. Uwezo wa kusimulia ndoto hukua pamoja na akili ya mtoto. Anayesema "sijaota" hafichi kitu.

Lakini kuna mahali ambapo saa ya kuamka inamsaidia sana mzazi: mtoto anapopiga kelele usiku.

Mtoto wa kati wa mama huyu, mvulana wa miaka 6, alikuwa anaketi ghafla karibu saa 4:00 usiku, macho wazi, jasho linamtoka, anapiga mayowe na kumsukuma mama yake kana kwamba hamjui. Baada ya dakika chache analala. Asubuhi hakumbuki chochote. Jirani alishauri apelekwe kwa mganga, kwa kuwa "mtoto anaonyeshwa vitu."

Angalia saa. Mtoto aliyelala saa 2:00 usiku na kupiga mayowe saa 4:00 yuko katika theluthi ya kwanza ya usiku, ndani ya usingizi mzito. Huko ndiko watoto huweweseka namna hii: nusu ya ubongo imeamka, nusu imelala. Hakumbuki kwa sababu hakuwa katika ndoto. Hali hii huwapata watoto wengi, hasa wakichoka kupita kiasi, wakibadilisha mahali pa kulala au wakibanwa na mkojo, na wengi hupona wenyewe wakikua. Asitikiswe wala kukemewa. Mzazi azuie asianguke, aongee kwa upole, amrudishe mtoni mwake.

Mtoto anayeamka saa 10:00 alfajiri akilia, akamtambua mama, akasimulia kwamba alikimbizwa na mbwa, huyo ametoka kwenye ndoto mbaya. Yeye anahitaji kukumbatiwa na kusikilizwa.

Kwa mtoto anayeweweseka karibu kila siku saa ile ile, kuna njia isiyo na dawa. Mwaka 1988 daktari wa London, Bryan Lask, aliieleza katika jarida la British Medical Journal: mzazi aandike kwa siku kadhaa saa inayotokea, kisha amwamshe mtoto kwa upole dakika 10 hadi 15 kabla ya saa hiyo, amwache afumbue macho na kukaa macho kidogo, halafu alale tena. Mzunguko ukishavunjwa, mayowe mengi hukoma. Kwa mvulana wa Kabanga, mama yake alimwamsha saa 3:45 usiku kwenda kukojoa, kila siku kwa wiki tatu. Mayowe yakaisha, na mganga hakuhitajika.

Onyo moja lisisahaulike. Mtoto mwenye homa anayekakamaa, kurusha viungo, kuzungusha macho au kutozinduka, huyo haoti wala haweweseki. Ni degedege, na nyuma yake inaweza kuwepo malaria kali. Hata kama majirani wanasema ni mambo ya mashetani, apelekwe kituo cha afya usiku huo huo. Vivyo hivyo mtoto asiye na homa anayepata mitukutiko inayofanana kila mara, anayejing'ata ulimi au kujikojolea: achunguzwe kifafa.

Nani asitafute ndoto

Si kila mtu anafaidika kwa kukumbuka. Ngara ni wilaya iliyoona mengi. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa takriban saa 24, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Warundi nao wamekimbilia huku zaidi ya mara moja, kupitia mipaka hiyo hiyo. Wapo watu wazima, wenyeji na wageni, ambao hadi leo hurudia ndoto ile ile ya yale waliyoyaona. Mtu wa namna hiyo hahitaji alamu ya kumkumbusha. Anahitaji kuzungumza na mhudumu wa afya, kwa sababu ndoto za namna hiyo zina tiba.

Mwenye kifafa asikatize usingizi wake, kwa kuwa kukosa usingizi kunaweza kuamsha kifafa. Dereva wa safari ndefu alale tu. Mama anayenyonyesha ameshaamshwa vya kutosha. Na hata kwa mtu mwenye afya, zoezi hili lifanywe siku za mapumziko au kwa kulala mapema, kamwe lisiwe la kujinyima usingizi.

Ndoto ikishakumbukwa

Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania unaofaa kuwafikia wazazi. Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi walipimwa usingizi wao kwa siku 20, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kati ya watu wazima 33, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu kwa siku zote hizo. Daima kulikuwa na mtu macho, au aliyelala usingizi mwepesi. Mwaka 2023 watafiti waliziangalia ndoto za Wahadzabe na za Wabayaka wa Kongo. Waliona kwamba ndoto zao nyingi huanza na hatari, lakini huelekea kwenye kuokoka, mara nyingi kwa msaada wa mtu mwingine wa jamii.

Hilo ni fundisho kwa nyumba yoyote. Mtoto akisimulia ndoto ya kutisha, asichekwe wala asiambiwe mara moja kwamba ni dalili ya jambo baya. Aulizwe: "Halafu nani alikuja kukusaidia?" Akisema hakuna aliyekuja, mzazi anaweza kumwambia aitengeneze sehemu iliyobaki, amweke baba mlangoni na tochi, au bibi na fimbo yake. Waislamu wana adabu ya muda mrefu katika jambo hili: ndoto njema husimuliwa kwa anayekupenda, na mbaya haitangazwi kwa watu. Hekima hiyo inafaa hata kwa asiye Mwislamu. Ndoto ya mtoto isipelekwe kwa kila jirani atafsiri anavyotaka.

Na anayejibu kila siku kwamba haoti, aulizwe alilala saa ngapi, na leo nani atamsaidia kazi za jioni ili alale mapema.